Msome Mhusika kwa Kile Anachokificha

Mtahiniwa, ukiulizwa kuhusu wahusika wa Orodha (Steve Reynolds), usiishie kuandika "Padre James ni mnafiki". Si kosa, ila umeishia mlangoni. Jiulize: kwa nini barua ya marehemu iwatetemeshe watu wazima kabla haijasomwa?

Hapo ndipo saikolojia changanuzi inapofaa. Mwasisi wake, Sigmund Freud (1856–1939), daktari wa Vienna, alieleza kuwa mengi yanayotusukuma yamefichika ndani yetu, hata sisi wenyewe hatuyatambui. Nafsi aliigawa mara tatu. Idi ni tamaa inayotaka kutimizwa papo hapo. Supaego ni sauti ya maadili tuliyopewa na wazazi, dini na jamii. Ego husuluhisha kati ya hizo mbili, na ikielemewa hujikinga: hukana, huwatupia wengine yaliyo yake, au huhamisha hasira.

Sasa rudi msibani. Furaha amefariki kwa UKIMWI, ameacha barua yenye orodha. Bwana Ecko, Juma, Salim, Kitunda na Padre James wanahangaika isisomwe, kila mmoja akiamini jina lake limo. Inaposomwa, hakuna jina la mwanamume hata mmoja. Yaliyoorodheshwa ni mambo ya kuwakinga wengine. Orodha ya majina ilitoka wapi basi? Waliiandika wenyewe, vichwani mwao. Siri waliyoizika imepanda juu na kuvaa sura ya barua. Kwa Padre James hali ni mbaya zaidi, maana yeye ndiye anayetazamwa na kijiji kama sauti ya maadili. Tamaa yake imeishtaki kanzu yake.

Kwenye mtihani unaweza kuandika hivi: "Padre James anahofia barua asiyojua yaliyomo kwa sababu dhamiri yake imekwisha kumhukumu, hofu hiyo inadhihirisha unafiki wa viongozi wa dini." Una tabia, ushahidi na sababu.

Katika Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe (Edwin Semzaba), mtazame Mitomingi. Aliyemkosea ni karani wa sensa aliyemtorosha binti yake Mazoea, lakini kinachochomwa moto ni karatasi za sensa. Hasira imehama. (Wengi huandika tu "ana hasira", kisha wanaruka kwenda hoja nyingine.)

Tahadhari moja. Tamthiliya kwa kawaida haina msimulizi wa kukuambia mhusika anawaza nini. Unachoshika ni maneno, matendo, maelekezo ya jukwaani, na pale anaponyamaza ghafla. Usimtungie mhusika utoto ambao mwandishi hakumpa. Wala usijaze ukurasa kwa habari za Freud. Swali ni la tamthiliya, na jina lake unaweza usilitaje kabisa.

Zoezi: Furaha anajua wazazi hawataki atoke usiku, lakini anaandamana na Mary. Onesha mvutano wa idi na supaego katika uamuzi huo, kwa kutumia matukio mawili kutoka kitabuni.