Fukwe za Mara: mteja yuko mlangoni, bidhaa haijawekwa sawa

Mtalii anayemaliza kutazama wanyama Serengeti na kutaka kupumzika ufukweni, mara nyingi hupanda ndege ndogo humo humo hifadhini na kuelekea Zanzibar. Huko huvaa miwani ya kuzamia na mrija wa kupumulia, akatazama samaki wa matumbawe Mnemba au Chumbe. Fedha za mapumziko yake huondoka naye.

Hata hivyo, lango la Ndabaka, magharibi mwa hifadhi, liko karibu na Ghuba ya Speke ya Ziwa Victoria. Miji ya Bunda na Musoma nayo hufikiwa kwa barabara kuu ile ile itokayo Mwanza. Swali la mwenye mtaji ni moja: je, Mara inaweza kuuza kinachouzwa Zanzibar?

Jibu ni hapana, na atakayejenga hoteli kwa matumaini hayo atapata hasara. Rutuba inayotiririka kutoka mashambani na mijini hustawisha mwani, maji yakawa ya kijani na mzamiaji asione mbali. Furu wa rangi za kupendeza wapo, lakini aina nyingi zilitoweka baada ya sangara, aliyepandikizwa miaka ya 1950, kuenea ziwani miaka ya 1980. Anayetaka kutazama samaki wa jamii hiyo katika maji maangavu huenda Ziwa Tanganyika au Ziwa Nyasa.

Bidhaa iliyopo

Mara ina bidhaa ya aina nyingine. Kisiwa cha Lukuba, kinachofikiwa kwa boti kutoka Musoma, kina mawe makubwa, ndege wa majini na wavuvi walio kazini. Mgeni anaweza kuvua sangara kwa ndoano, kula sato wa kuchoma na kutazama jua likizama ziwani. Kesho yake anakwenda Butiama, alikozaliwa Mwalimu Julius Nyerere mwaka 1922 na alikozikwa mwaka 1999, ambako pia kuna makumbusho yake.

Hesabu yake si ngumu. Tuseme gari moja lenye watalii wanne linalala Musoma usiku mmoja badala ya kupita. Hapo vimeuzwa vyumba viwili, milo minane ya jioni na asubuhi, safari moja ya boti na kazi ya siku moja ya mwongozaji. Mvuvi wa Mwigobero ameuza samaki na mama wa sokoni ameuza mboga. Mtalii akirukia Zanzibar, hakuna hata mmoja kati yao anayeambulia kitu.

Msimu nao unajulikana. Nyumbu hupita ukanda wa magharibi wa Serengeti kati ya Mei na Julai, na magari ya watalii huwafuata. Mwenye boti anayeanza kutafuta wateja Agosti amechelewa.

Gharama zisizokwepeka

Kikwazo cha kwanza ni kichocho. Vimelea vyake hutoka kwa konokono wanaopenda maji tulivu yenye majani, karibu na ukingo, yaani pale pale mgeni anapopenda kuogelea. Dawa ya praziquantel hutibu ugonjwa huo, lakini wakala ambaye mteja wake amerudi kwao na kichocho hatamleta mwingine. Mwenye hoteli anayetaka wageni waogelee ni afadhali achimbe bwawa lake, na aeleze wazi habari za ziwa, wakiwamo mamba na viboko.

Kikwazo cha pili ni usalama wa vyombo. Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Kisiwa cha Ukara, mkoani Mwanza, na watu zaidi ya 200 walipoteza maisha. Baada ya msiba huo, boti isiyo na jaketi okozi kwa kila abiria, bima na nahodha anayejua kusoma upepo haina haki ya kubeba mgeni, wala mwenyeji.

Fedha za kwanza, basi, ziende kwenye boti salama na bwawa safi, kabla ya kuongeza vyumba. Mteja tayari yuko Ndabaka. Kinachohitajika ni sababu ya kumfanya ageuze gari kuelekea Musoma.