Je, chati ya leba imejazwa?

Msomaji, ukimsindikiza mkeo au dadako kujifungua, utamwona muuguzi akitia alama kwenye karatasi yenye miraba midogo. Usidhani anapoteza wakati. Karatasi hiyo, patografu, ndiyo inayomfanya mkunga wa kijijini, dereva wa ambulensi na daktari wa mjini waelewane.

Iliundwa na madaktari Philpott na Castle katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe, wakaichapisha 1972. Wakunga wao walikuwa mbali na hospitali, na swali lilikuwa moja: mama ahamishwe lini? Wakachora mistari miwili. Wa tahadhari hupanda sentimita moja kwa saa, kadiri mlango wa kizazi unavyofunguka. Wa kuchukua hatua uko saa nne mbele yake. Alama ikivuka wa kwanza, mkunga hutafuta gari. Ikifika wa pili, daktari sharti aamue. Moyo wa mtoto husikilizwa kila nusu saa. Mapigo 110 hadi 160 kwa dakika ni ya kawaida.

Shirika la Afya Duniani liliijaribu kwa wanawake zaidi ya 35,000 kusini-mashariki mwa Asia. Matokeo ya 1994 yalionyesha uchungu wa muda mrefu ukishuka kutoka asilimia 6.4 hadi 3.4.

Lakini karatasi tupu haisemi. Usiku mmoja nililetewa mama kutoka sehemu za Rangwe. Chati ilikuwa na jina tu. "Ameanza lini?" nikauliza. Mama mkwe ndiye aliyejibu: "Daktari, tangu jana jua likitua." Tulimpasua upesi. Yeye alipona, mtoto hakulia. Sikumlaumu sana aliyemtuma, kwani nilipokuwa mwanagenzi nami nilijaza chati baada ya mtoto kuzaliwa, ili faili ionekane nadhifu.

Tangu 2020 Shirika hilo lina karatasi mpya. Huanza kujazwa mlango ukifika sentimita tano, na ile mistari miwili imeondolewa. Jambo linalonifurahisha ni nafasi ya kuandika kama mama ana mtu wa kumliwaza na kama amekunywa chochote.

Kwa hivyo ukiwa pale, muulize muuguzi kwa heshima mapigo ya mtoto yalisikilizwa saa ngapi. Na mgonjwa wako akihamishwa, usikubali gari liondoke kabla chati haijatiwa ndani.