Mama Amfiche Mtoto Habari za Ugonjwa Wake?

Tulikuwa akina mama kumi na mmoja sebuleni kwa mwenzetu, baada ya kikao chetu cha kila mwezi, chai ikiwa bado mezani. Mwenye nyumba alituwekea filamu ya Kenya iitwayo Supa Modo. Tuliketi tukidhani ni ya watoto, maana hata jina lake ni la kimchezo. Haikufika nusu kabla ya chai kupoa vikombeni.

Jo ni msichana wa miaka tisa. Ana ugonjwa usiopona, na mama yake, Kathryn, amemtoa hospitali kumrudisha nyumbani kijijini amalizie siku zake. Jo anapenda filamu za mashujaa wenye nguvu za ajabu, naye hutamani kuwa mmoja wao. Dada yake mkubwa, Mwix, hawezi kuvumilia kumwona amelala tu akingoja. Basi anapanga na majirani wajifanye kwamba Jo kweli ana nguvu hizo. Baadaye kijiji kizima kinashiriki kumtengenezea filamu ambamo shujaa ni yeye mwenyewe.

Mama hataki. Yeye anataka mtoto apumzike, anywe dawa, asichoshwe. Hapo ndipo sebule yetu ilipogawanyika. Wengine walisema yule dada ni mtundu, anamdanganya mgonjwa. Wengine walimlaumu mama: anamlinda mtoto, au anailinda hofu yake mwenyewe? Sisi tulianza upande wa mama. Ni nani kati yetu hajawahi kumfungia mtoto ndani kwa mapenzi?

Marrianne Nungo, anayeigiza kama mama, hapigi mayowe. Huzuni yake iko mikononi, katika kazi ndogo ndogo za nyumbani ambazo haziishi. Naye Stycie Waweru, aliyeigiza Jo, ana macho ya mtoto anayejua zaidi ya anavyoambiwa.

Filamu ina kasoro. Wanakijiji wanakubaliana upesi mno. Vijiji tunavyovijua sisi vingekuwa na maneno ya kisimani kwanza! Lakini haituombi machozi kwa nguvu. Inachekesha sana, na kwa dakika zake 74 haichoshi.

Ilitoka mwaka 2018. Mwongozaji, Likarion Wainaina, ni Mkenya, na hiyo ndiyo filamu yake ndefu ya kwanza. Ilitengenezwa kupitia mpango wa One Fine Day Films, ulioanzishwa na mwongozaji Mjerumani Tom Tykwer na mkewe Marie Steinmann, ambamo vijana wa Afrika hufundishwa na watu wenye uzoefu huku wakifanya filamu yao wenyewe. Soul Boy ya mwaka 2010 na Nairobi Half Life ya mwaka 2012 zilipita njia hiyo hiyo. Supa Modo ilionyeshwa katika tamasha la Berlin mwaka 2018, kwenye sehemu ya filamu za watoto na vijana, na Kenya ikaichagua kuiwakilisha katika tuzo za Oscar za mwaka 2019. Lugha yake ni ya nyumbani kwetu, Kiswahili kikichanganyika na Kikuyu na Kiingereza.

Mwisho wake hatuutoboi. Mzazi mwenye watoto wadogo aitazame kwanza peke yake, si kwa sababu ina mambo machafu, bali kwa sababu ataulizwa maswali.

Ilipokwisha tulinyamaza. Kisha mwenzetu mmoja, aliyefiwa na mwanawe kwa selimundu miaka kadhaa iliyopita, akasema kwamba mtoto wake alimwuliza mara mbili kama atapona. Mara zote mbili alimwambia, "Utapona, baba, lala." Mara ya tatu hakuuliza tena. Alimwuliza shangazi yake.

Hakuna aliyemjibu, wala yeye hakutaka jibu. Alichukua birika akaenda jikoni kuchemsha chai nyingine. Aliporudi alimwomba mwenye nyumba ile filamu, akaitazame na binti zake wawili, ambao hadi leo hawajawahi kuzungumza naye habari za kaka yao.