Daktari Naye ana Mizani Yake

Mchumaji wa chai anaijua mizani. Jioni karani husoma kilo, huziandika, na mshahara hutoka humo. Wachache kati yetu wanajua kwamba mtafiti wa magonjwa ya ubongo na mishipa ya fahamu, awe Makerere au London, naye hupimwa.

Zinahesabiwa makala alizochapisha katika majarida ya kitaalamu, kisha inahesabiwa ni mara ngapi watafiti wengine wamezitaja katika kazi zao. Eugene Garfield wa Marekani alianza kuchapa daftari kubwa la hesabu hiyo katika miaka ya 1960. Mwaka 2005 Jorge Hirsch, mtaalamu wa fizikia, akaleta kipimo kingine: mwenye makala 20 ambazo kila moja imetajwa angalau mara 20 hupata alama 20. Alama hizo hutazamwa mtu anapoomba cheo au fedha za utafiti.

Ndugu wafanyakazi, tuijaribu mizani hiyo kwa kazi iliyofanyika hapa Kampala.

Mwaka 1957 Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Mulago, aliitwa na mwenzake Hugh Trowell amtazame mtoto aliyevimba mataya pande zote. Baadaye kidogo, huko Jinja, akamwona mwingine kama yule. Akafukua mafaili, akapata watoto 38, na mwaka 1958 akachapisha makala katika jarida la wapasuaji la Uingereza. Ni wachache walioijali. Karani wa mizani angepita mwaka ule, angemwandikia Burkitt kilo mbili tatu na kwenda zake.

Machi 1961 Burkitt alitoa hotuba London, na miongoni mwa wasikilizaji alikuwamo Anthony Epstein, mtafiti wa virusi. Mwaka huo huo Burkitt na madaktari wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walifunga safari kwa gari kuukuu la Ford: maili 10,000 kwa wiki 10 kwenda kusini, wakiuliza hospitali kwa hospitali. Ramani waliyorudi nayo ilionyesha kwamba uvimbe ule unafuata joto na mvua, mle mle mwenye mbu na malaria.

Wakati huo vipande vya uvimbe vilikuwa vikisafirishwa kwa ndege kutoka Uganda hadi kwa Epstein. Mwaka 1964 yeye, Bert Achong na Yvonne Barr wakatangaza kwamba wameona virusi vipya ndani yake. Ndipo ile makala iliyolala ikaanza kutajwa kila pembe.

Na haikuishia kwenye mataya. Januari 2022 watafiti wa Marekani, baada ya kupitia kumbukumbu za askari zaidi ya milioni 10, walieleza kuwa aliyeambukizwa virusi hivyo vya Epstein-Barr hatari yake ya kupata sklerosisi huongezeka mara 32. Huo ni ugonjwa unaoharibu utando wa nyuzi za fahamu katika ubongo na uti wa mgongo. Tangu makala ya Mulago ilikuwa imepita miaka 64. Mtumishi gani angengojwa miaka 64 ndipo apimwe?

Tena mizani ile hupima karatasi tu. Ugonjwa una jina la Burkitt, virusi vina majina ya Epstein na Barr. Muuguzi aliyeshika mtoto, karani aliyetunza mafaili, mama aliyekubali mwanawe akatwe kipande cha uvimbe: hao hawamo katika hesabu.

Kinachotuhusu sisi ni hiki. Daktari kijana akitaka kuchunguza mishipa ya fahamu ya wapulizaji wa dawa za kuulia wadudu mashambani, dawa ambazo baadhi yake zinajulikana kudhuru mishipa hiyo, atasomwa na nani huko ng'ambo? Akichagua ugonjwa unaozungumzwa katika maabara tajiri, kilo zake zitapanda upesi. Mizani inamsukuma mbali na sisi, hata kama moyo wake uko kwetu.

Hapa matawi yetu yana kazi. Ramani ya Burkitt ilitoka katika majibu ya hospitali ndogo zilizokuwa zimeweka kumbukumbu. Katibu wa tawi na aweke daftari: tarehe, jina la dawa iliyopulizwa, nani alipuliza na kwa saa ngapi, alivaa glavu au hakuvaa, nani alitetemeka mikono au alianguka. Daktari atakapokuja, alikute.