Kunyonyesha kwa mama mwenye VVU, na wajibu wa baba



Ndugu Waislamu, tumeulizwa mara nyingi: je, mama mwenye Virusi vya Ukimwi (VVU) amnyonyeshe mwanawe? Aya ya 233 ya Surat al-Baqara imetaja kunyonyesha miaka miwili kamili kwa atakaye kukamilisha, kisha ikamwajibisha baba chakula na mavazi ya mama huyo. Wengi wetu huishika nusu ya kwanza wakaisahau ya pili.

Mwaka 1995, katika kikao cha Abu Dhabi, wanachuoni wa Majmau ya Fiqhi ya Kiislamu waliamua kuwa mama huyo hazuiwi kulea wala kunyonyesha, ila tabibu akikataza. Na tabibu wa leo hakatazi, maadamu dawa zinamezwa. Pasipo kinga yoyote, watoto 15 hadi 45 katika kila 100 huambukizwa, ama tumboni, ama wakati wa kuzaliwa, ama kwa maziwa. Mama akimeza ARV kila siku, idadi hiyo huweza kushuka chini ya 5. Ndiyo maana tangu mwaka 2013 Tanzania ilianza kumpa dawa za maisha kila mjamzito aliyekutwa na VVU, bila kungoja augue. Mtoto naye hupewa dawa yake ya maji tangu azaliwapo.

Wapo wasemao bora maziwa ya kopo. Hao na waende Kasanga, bandari ya Ziwa Tanganyika iliyo zaidi ya kilomita 100 kutoka Sumbawanga. Kopo litanunuliwa kwa fedha gani, na litakorogwa kwa maji gani? Maji ya ziwa yasiyochemshwa huleta kuhara na kipindupindu, na mtoto aliyeepushwa na VVU akafa kwa kuhara hakuokolewa. Anyonye maziwa ya mama peke yake miezi sita ya mwanzo. Uji na maji kabla ya hapo, pamoja na ziwa la mama, humzidishia hatari.

Linalotuhuzunisha ni mke kuficha vidonge ndani ya unga kwa kuogopa talaka. Siku mume akishinda nyumbani, havimezwi, na virusi hupata nafasi. Mume aliyemtisha hivyo ana sehemu yake katika maambukizi ya mwanawe. Aongozane na mkewe kliniki, naye apimwe.

Nauli ya kliniki, kwa maoni yetu, imo katika matumizi ya lazima kama ulivyo unga. Mvuvi wa migebuka anayekwenda ziwani siku kadhaa aiache nyumbani kabla ya kusukuma mtumbwi.