Wanaoufuata udaktari Ishaka

Ishaka ni mji mdogo wa Wilaya ya Bushenyi, magharibi mwa Uganda, kwenye barabara itokayo Mbarara kwenda Kasese. Umezungukwa na migomba na mashamba ya chai. Lakini ukipita mitaani jioni utasikia Kiswahili cha Nairobi, Kisomali na Kiingereza cha Nigeria, kwa kuwa hapo ndipo ilipo kampasi ya tiba ya Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Kampala, pamoja na hospitali yake ya kufundishia.

Ukiuliza kinachowavuta vijana hawa, wengi watakujibu: ada. Ni kweli, na gharama ya chumba na chakula katika mji kama huo ni nafuu kuliko jijini. Ila safari huwa imeanzia nyumbani. Kenya, nafasi za udaktari katika vyuo vya umma ni chache, na kijana mwenye alama nzuri anaweza kuikosa kwa pointi moja tu. Nigeria ushindani ni mkali vilevile. Somalia, vita vilivyozuka 1991 vilivunja elimu ya juu, na kujenga upya shule ya udaktari si kazi ya siku mbili.

Kuna jambo jingine ambalo wazazi hulitaja mara chache, nami naliona zito kuliko ada: wagonjwa. Daktari hafundishwi na vitabu peke yake. Katika hospitali kubwa za miji mikuu, kitanda kimoja huzungukwa na bingwa, madaktari wanaosomea ubingwa, madaktari wa mafunzo kazini (intern) na kundi la wanafunzi. Wa mwisho huambulia kuchungulia. Mikoani msururu huo ni mfupi. Mwanafunzi humhoji mgonjwa mwenyewe, humpima, kisha husimama kwenye raundi kumweleza mwalimu alichokiona: malaria kali, kifua kikuu, uzazi uliokwama, mivunjiko ya ajali za bodaboda. Mgonjwa huzungumza Runyankole, lakini muuguzi yupo wa kutafsiri, na faili huandikwa kwa Kiingereza. Magonjwa yenyewe ndiyo atakayokutana nayo akirudi Kisumu au Garissa. Jirani hapo, Chuo Kikuu cha Mbarara, kilichoanzishwa 1989, kimejijengea jina kwa kuwapeleka wanafunzi wake vijijini kujifunza afya ya jamii palepale inapoishi.

Shahada huchukua miaka mitano, kisha mwaka mmoja wa mafunzo kazini. Na hapa ndipo tahadhari inapohitajika. Mabaraza ya madaktari ya nchi za Afrika Mashariki hukagua vyuo kwa pamoja, lakini kibali cha kutibu hutolewa na baraza la nchi ya mhusika, ambalo laweza kumtaka mhitimu afanye mtihani kwanza. Wakala wa udahili anayekaa hotelini na vipeperushi vyake hana sababu ya kukueleza hayo.

Mzazi, kabla hujatuma shilingi moja, liulize baraza la nchi yako kama linakitambua chuo hicho. Kisha ukiulize chuo: hospitali ina vitanda vingapi, wanafunzi wangapi wanavigawana, na ni bingwa gani anayepita wodini nao kila asubuhi? Wakishindwa kukujibu, mtafutie mwanao chuo kingine.