Kindle, Simu au Kitabu cha Toi?

Mkazi wa Kibera au Kawangware, mitaa ya Nairobi, anajua kushika kitu ambacho bado si chake. Mwaka 2020 Safaricom na Google walileta simu za Lipa Mdogo Mdogo: shilingi 1,000 za kutanguliza, kisha 20 kila siku kwa miezi tisa. Ukikosa kulipa, simu inajifunga. Ukimaliza ni yako. Uuze, umpe mdogo wako, hakuna wa kukuuliza. Kitabu cha kidijitali kinachouzwa na Amazon mara nyingi kina kufuli kama hilo, ila umekilipia chote siku ya kwanza na kufuli halitoki.

Haya si maneno ya kutisha watu. Mwaka 2009 Amazon iliingia kwenye Kindle za wateja, vifaa vyake vya kusomea vitabu, ikafuta nakala za vitabu viwili vya George Orwell, kimoja kikiwa 1984, kwa sababu aliyewauzia hakuwa na haki. Pesa zilirudishwa, lakini hakuna mwuzaji wa mitumba anayeweza kukuingilia nyumbani usiku akachukua kitabu na kukuachia noti mezani. Microsoft nayo ilifunga duka lake la vitabu mwaka 2019, na vyote vilivyonunuliwa humo vikazimika. Februari 2025 Amazon iliondoa njia ya kupakua vitabu ulivyonunua hadi kwenye kompyuta, ile iliyokuwezesha kujiwekea akiba.

Sasa bei. Kindle ya kawaida, toleo la 2024, ilianza kuuzwa kwa dola 110 huko Marekani. Dola ikiwa shilingi 129, hiyo ni zaidi ya 14,000 kabla ya usafiri, ushuru na VAT ya asilimia 16, na mwenye duka mjini hajaweka faida yake. Mshindani wake, Kobo Clara isiyo na rangi, ilitoka mwaka 2024 kwa dola 130, karibu 16,800. Ukipata kitabu cha mtumba kwa 200 pale soko la Toi, pesa za Kindle zinakununulia vitabu 70, na hiyo Kindle bado ni tupu.

Kwa nini basi mtu aitamani? Kwa sababu ya stima. Chaji moja hukaa wiki kadhaa, na kioo kina taa yake. Stima ikipotea Gatwekera kule Kibera au Gatina kule Kawangware, wewe unaendelea kusoma huku simu ya jirani ikisubiri zamu kwenye kibanda cha kuchaji. Tena haichoshi macho kama simu. Ubaya ni kwamba kioo chake ni chepesi kuvunjika. Shirika la Worldreader, lililoanza mwaka 2010, liliwagawia wanafunzi wa Ghana Kindle, na katika jaribio hilo takriban nne katika kila kumi ziliharibika. Lilizipeleka hata kwenye maktaba za Kenya, lakini siku hizi nguvu zake ziko kwenye programu ya simu iitwayo BookSmart. Nyumba ya chumba kimoja yenye watoto watatu si mahali pa kuachia kitu cha 14,000 kitandani.

Kwa mzazi wa watoto wadogo, simu aliyo nayo inatosha. African Storybook ina hadithi za Kiswahili na lugha nyingine za Kenya, bure, kwa leseni inayokuruhusu kunakili na hata kuchapisha. Hizo ndizo zako kweli. Faili ya EPUB, muundo wa vitabu vya kidijitali, yenye maandishi matupu mara nyingi haifiki megabaiti moja, kwa hiyo bando la bei ya chini linabeba nyingi. Zile PDF zinazozungushwa WhatsApp ni picha za kurasa: zinakula bando, herufi hazisomeki, na mwandishi kama Clara Momanyi hapati hata senti kwa riwaya yake, Nguu za Jadi.

Kwa mwanafunzi wa kidato cha nne sina maswali mengi: anunue karatasi. Akimaliza mtihani anamwuzia wa kidato cha tatu, na sehemu ya pesa inarudi. Kitabu cha Amazon hakina mnunuzi wa pili.

Anayebaki ni msomaji sugu, mwenye kazi, anayemaliza riwaya kila wiki. Huyo ningemshauri Kobo, maana inafungua EPUB bila mizungusho, ingawa vitabu vingi vya duka lake navyo vina kufuli. Akipewa Kindle na shangazi aliye ng'ambo asiikatae. Faili zake mwenyewe zinaingia kwa waya, na hizo anabaki na nakala.

Ukiuziwa Kindle ya mtumba, usitoe pesa kabla ya kuiona ikiwaka na kuunganishwa na akaunti yako palepale. Kindle iliyoripotiwa kupotea inaweza kufungiwa na Amazon, na anayekuuzia haraka haraka stejini Kawangware 46 atakuwa ameshapanda matatu.